Tangi la Eliécer

Siku Maryuri Balanta alipokutana na Eliécer Viveros, alikuwa amesimama katikati ya soko la Alameda, simu mkononi, akimpiga video shangazi yake aliyekuwa anaparua samaki.

"Shangazi, tabasamu basi. Unamparua kama amekutukana."

"Amenitukana," alisema Doña Nubia bila kuinua kichwa. "Tangu asubuhi ananitolea macho."

Wachuuzi wa jirani wakacheka. Maryuri naye akacheka, akasogea karibu ili lile panga dogo na magamba yanayoruka vionekane vizuri. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kutangaza biashara za watu mitandaoni. Wateja wake walikuwa saluni mbili, duka la viatu, daktari mmoja wa meno, na shangazi, ambaye hakuwa akimlipa chochote zaidi ya mchuzi. Siku hiyo alivaa gauni la manjano lililombana kiunoni, nywele kazisuka kuelekea nyuma, na masikioni kaning'iniza heleni za duara kubwa kama bangili.

Mara mtu akaingia kwenye picha. Alikuwa mwembamba, si mrefu, kavaa koti jeusi lililopauka mabegani na raba nyeupe pee, katika joto ambalo hata mbwa wa soko walikuwa wamelala chali.

"Samahani, Doña," alimwambia shangazi kwa adabu zote. "Huyo samaki wako amemeza mali ya mtu."

Akaingiza vidole viwili kinywani mwa samaki, akatoa heleni ya duara.

Maryuri akajishika sikio. Tupu. Akapiga ukelele ulioifanya nusu ya soko igeuke.

"Mwizi wewe!"

"Mwizi harudishi, mrembo."

"Umenigusa saa ngapi?"

"Mimi? Sijakugusa. Muulize samaki."

Soko zima lilivunjika mbavu. Doña Nubia alimkagua samaki mdomoni kuona kama kuna kingine. Na simu ya Maryuri ilikuwa bado inarekodi.

Jioni ile aliirusha video kwenye ukurasa wa duka la samaki. Kesho yake ilikuwa imetazamwa na watu wengi kuliko wakazi wa mtaa wao wote, na simu ya duka ikaita.

"Haloo, naongea na mwenye heleni?"

"Unaongea na mwenye samaki," alisema Maryuri, ingawa sauti aliitambua na moyo ulimruka. "Nikuuzie kilo ngapi?"

"Niuzie jina lako kwanza."

"Jina haliuzwi kwa simu."

"Basi nitalifuata. Unakunywa nini, kahawa au lulada?"

"Lulada. Na usije na lile koti, unatia watu jasho."

Alikuja bila koti. Walikaa kwenye kibanda cha vinywaji, barafu ya lulada, juisi chachu ya matunda, ikiwayeyukia vidoleni, naye akajieleza. Alikuwa mwanamazingaombwe. Baba yake alikuwa fundi wa viti, mama yake alimlilia awe fundi wa viti, lakini tangu utotoni mikono yake haikutaka kukaa tuli. Alionyesha kwenye sherehe za watoto, kwenye taa za barabarani magari yaliposimama, popote. Ukurasa wake wa mtandaoni ulikuwa na wafuasi arobaini, na nusu yao binamu zake.

Maryuri akaufungua ukurasa, akaguna.

"Unaonekana kama nzi ukutani. Nani anakupiga hizi video?"

"Naegemeza simu kwenye tofali."

"Inaonekana. Sikiliza, Eliécer. Watu hawataki kukuona wewe. Wanataka kuiona sura ya mtu mwingine akishangaa, halafu wajione wao. Siku ile sokoni hawakumpenda samaki wala wewe. Walipenda ukelele wangu."

"Hata mimi niliupenda ukelele," alisema Eliécer.

Ndivyo ilivyoanza. Maryuri akawa ndiye jicho lake. Alimpiga picha za mikono kwa karibu, akazitoa saa za mchana watu wanapokula na kuchezea simu. Alimpeleka mbele ya makanisa, kwenye foleni za benki, kwenye uwanja wa mpira. Mialiko ikaanza kuja: sherehe za wasichana wanaotimiza miaka kumi na mitano, harusi, ufunguzi wa duka la dawa. Na katikati ya mialiko, mapenzi yakaja bila kubisha hodi. Alasiri moja, kwenye kilima cha San Antonio, upepo wa milimani ukiwa umeanza kushuka na kupandisha sketi za wanawake, walikuwa wanakula matunda ya chontaduro yaliyochemshwa na kupakwa asali na chumvi. Eliécer alimfuta asali mdomoni kwa kidole, kisha akaona kidole hakitoshi.

"Hiyo nayo ni kiini macho?" aliuliza Maryuri alipopata pumzi.

"Hiyo peke yake sijawahi kujifunza."

Tangu siku hiyo Eliécer alimwita "mweusi wangu", naye akamwita "mwongo wangu", na simu zao zikawa haziishi chaji kwa kazi bali kwa maneno. "Umekula, mwongo?" "Nimekula. Wewe umelala?" "Ningelala vipi na wewe unaongea?"

Lakini Maryuri alikuwa mwanamke mwoga, na woga wake ulikuwa na chanzo. Baba yake alikuwa mchimba mchanga wa Juanchito, wale wanaozama mto Cauca na ndoo na kuibuka na mchanga wa kujengea nyumba za watu wengine. Asubuhi moja alizama kama siku zote, ndoo ikaibuka peke yake. Maryuri alikuwa na miaka tisa, ameketi ukingoni na chakula cha baba kwenye kitambaa. Tangu hapo hakuogelea, hakuvuka daraja bila kufumba macho, na mtu aliyempenda akichelewa kurudi, alisimama mlangoni hadi amwone.

Basi Eliécer alipomfungulia mlango wa banda lake la mazoezi kule mtaa wa Obrero na kumwonyesha tangi, alibaki kizingitini. Lilikuwa la kioo, refu kupita mtu, lilitoka kwenye duka lililofungwa la samaki wa mapambo. Ndani lilijaa maji mpaka juu.

"Naingia na pingu na minyororo," alisema, macho yakimwaka. "Nafungua, natoka. Ni mchezo wa zamani sana, mpenzi."

"Na mto ulikuwa kazi ya zamani sana."

"Huu si mto. Nitakuwa na pini mdomoni. Nimejaribu bila maji, nafungua nikiwa nimefumba macho. Nipigie video ya mazoezi tu. Moja. Ukiona haifai, tunalivunja."

Mtu akishapenda, masikio hulainika. Maryuri akaweka simu ya Eliécer kwenye kigoda cha miguu mitatu, akabonyeza, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Eliécer akapanda ngazi, akamrushia busu, akazama.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Minyororo ilianguka. Kisha pini ikamponyoka. Maryuri aliiona ikishuka polepole, inazunguka, inametameta, hadi chini. Eliécer alijikunja kuifuata, pingu zikamzuia. Akageuka kwenye kioo, uso umevimba, akaanza kukipiga kwa mikono miwili iliyofungwa. Ngo. Ngo. Ngo.

Maryuri hakukumbuka alivyopanda ngazi. Alikumbuka tu nywele za Eliécer mikononi mwake, na ukelele uliokuwa unatoka mahali fulani, na uzito wa mtu aliyelegea, na sakafu. Alimpindua, akampiga mgongoni, maji yakamtoka puani na mdomoni. Walilala palepale kwenye tope wakitetemeka wote wawili kama vifaranga.

"Futa video," alisema Maryuri meno yakigongana. "Na tangi tunalivunja kesho."

"Nitafuta."

"Apa."

"Nitafuta, mweusi wangu. Nipe nipumue."

Kesho yake tangi halikuvunjwa. Wala kesho kutwa. Mvua za Novemba zikaingia, sherehe za nje zikaahirishwa, simu ya Eliécer ikanyamaza. Alikuwa akikaa anautazama ukurasa wake kama mgonjwa anayetazama dirisha. Maryuri alimwambia avumilie, kila biashara ina kiangazi chake. Yeye akaitikia kwa kichwa.

Adhuhuri moja Maryuri alikuwa saluni, anampiga picha mteja aliyesukwa, aliposikia mwanamke akipiga ukelele. Ulikuwa ukelele wa mtu anayeona kifo. Damu ilimwisha mwilini kabla hajajua kwa nini. Kisha akatambua: ulikuwa wake. Ulikuwa unatoka kwenye simu ya msichana aliyeketi chini ya mashine ya kukausha nywele.

"Jamani mmeona hii?" alisema yule msichana. "Huyu kaka alikuwa anakufa kweli kweli. Hebu irudie."

Akairudia. Maryuri akajisikia akipiga ukelele kwa mara ya pili.

Alitoka nje, akaegemea ukuta, akafungua ukurasa alioujenga kwa mikono yake. Video ilikuwa pale. Watu waliokuwa wameitazama hawakuhesabika. Akashuka kwenye maoni, na kila alilosoma lilimtia baridi zaidi. Rudia, tunasubiri. Safari ijayo huyo mwanamke asiingilie. Angekufa ingekuwa tamu zaidi. Mmoja aliuliza kwa upole kabisa: Lini na wapi? Nije na watoto.

Alimkuta Eliécer bandani, simu sikioni, anacheka kwa sauti ya juu isiyo yake.

"Ndiyo, bwana. Siku ya pili ya Feria. Ndiyo, tangi lilelile." Akakata, akamgeukia. "Mpenzi! Wametuita kwenye Feria! Tamasha la mji mzima, jukwaa kubwa!"

"Uliniambia umefuta."

Tabasamu likamganda. "Nilitaka kufuta. Lakini ilikuwa imelala tu pale, na hakuna aliyenipigia wiki nzima... Wewe ndiye uliyenifundisha. Si ulisema watu wanapenda ukelele wako?"

Ilikuwa kama amempiga kofi.

"Ule wa sokoni ulikuwa wa furaha," alisema. "Huu ulikuwa wa kukuzika. Umeuza mazishi yako, Eliécer, na mimi nikiwa mliaji. Umewasoma? Wanataka ufe."

"Ni maneno ya mtandaoni tu."

"Wale ni watu! Watakuja na miguu yao, watasimama mbele yako wakiwa wameinua simu, na ukizama hakuna atakayeishusha."

"Sasa nifanye nini? Nirudi kwenye taa za barabarani? Nirudi kwenye viti vya baba?"

"Rudi popote penye hewa." Sauti ilimkatika. "Chagua. Mimi au tangi."

Eliécer alifungua mdomo. Alichelewa kidogo tu kujibu, lakini kuchelewa kwake kulikuwa jibu. Maryuri akaweka funguo za banda juu ya ngazi, akaondoka. Kabla hajafika kona alikuwa amemfungia namba, simu zake zisiingie, ujumbe usiingie, chochote chake kisiingie.

Kufungia simu ni rahisi. Moyo hauna kitufe. Kila alasiri, mvua ikipiga mabati ya soko, Maryuri aliichukua simu ya duka na kuufungua ukurasa wa Eliécer kwa jina la ukurasa wa samaki wa Doña Nubia. Tangazo lilikuwa kila mahali: tangi, minyororo, kofia nyeusi ya kufunika uso kama ya mtu anayenyongwa. Na pembeni yake, katika kila picha mpya, alisimama msichana mmoja mwembamba, ngozi kama mpingo uliopigwa msasa, mabega ya mtu wa mazoezi, kavaa nguo ya vipande vya kung'aa. Chini waliandika: Yisel, kutoka Buenaventura.

"Hajakaa sana," Maryuri alimwambia shangazi, anajaribu kucheka. "Amepata mtu asiyepiga kelele."

"Mwache azame naye," alisema Doña Nubia, akampasua samaki kwa nguvu isiyohitajika. Lakini hakumtazama mpwa wake usoni.

Wivu ulimchoma, ila haukumnyima usingizi. Kilichomnyima usingizi ni kitu kingine. Alikuwa amekata na kuunga video za mikono ile kwa miezi. Aliijua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Katika video mpya vidole vya Eliécer vilikuwa vinatetemeka. Sarafu ilikuwa inampita katikati ya vidole kwa kusita. Huyu mtu anaogopa, alijiambia. Anaogopa na bado anaingia.

Aliapa hatakwenda. Siku ya pili ya Feria alifagia nyumba, akafua pazia, akapika wali akaumwaga. Alasiri ilipoanza kupoa alijikuta njiani, kavaa suruali ya jinzi na blauzi nyeupe ya kufulia, bila hata wanja, anasukumwa na umati wa watu wenye kofia za majani, filimbi na chupa za kupasiana. Muziki ulikuwa unatikisa vioo vya maduka. Alipenya, akaomba radhi, akakanyaga watu, hadi akafika kwenye kizuizi cha mbele kabisa.

Tangi lilikuwa jukwaani. Jua lilipita ndani yake na kutupa vivuli vya maji kwenye nyuso za watu. Pembeni yake, kwenye kiegemeo, lilikaa shoka jekundu, na jamaa wa jukwaani amesimama karibu nalo, mikono kifuani.

Eliécer akatoka. Alikuwa kakonda. Alivaa shati jekundu na suruali nyeusi, na Maryuri alipomwona tu, hasira yote aliyokuwa ameitunza ikamwagika kama maji ya kikapuni. Ikabaki hofu tupu. Akapiga yowe la jina lake. Likamezwa na maelfu. Yisel akamfunga pingu, akamzungushia minyororo, akamvika ile kofia nyeusi mpaka shingoni. Kabla ya kofia kushuka, Eliécer alitazama juu, mbinguni, kama mtu anayeaga.

Pazia likavutwa mbele ya tangi. Winchi ikalia. Maji yakasikika yakimwagika. Pazia likafunguka, na mle ndani, kichwa juu, kofia usoni, minyororo mwilini, mtu mwenye shati jekundu alikuwa ananing'inia majini. Yisel hakuonekana tena, wala hakuna aliyemtafuta. Macho yote yalikuwa kwenye kioo. Umati ukaanza kuhesabu kwa sauti.

Maryuri hakuhesabu. Alizuia pumzi yake mwenyewe bila kukusudia, akaiachia, akazuia tena. Mnyororo mmoja ukaanguka. Umati ukashangilia. Mnyororo wa pili ukanasa kiunoni. Yule mtu akajipinda. Akajipinda tena. Mapovu yakatoka chini ya kofia, mengi, kisha machache.

Kisha ikaanza. Ngo. Ngo. Ngo.

Mikono miwili iliyofungwa, juu ya kioo.

Umati uliunguruma kwa furaha. Simu zikapanda juu kama shamba la mahindi. Maryuri akageuka kulia, akageuka kushoto, akitafuta sura moja tu yenye hofu, na hakuiona. Baba mmoja alikuwa amembeba binti yake mabegani ili aone vizuri. Yule jamaa wa shoka alikuwa amesimama vilevile, na Mungu amlaani, alikuwa anatabasamu.

"Anakufa!" alipiga kelele Maryuri. "Mtoeni, anakufa!"

"Tulia, dada, ndiyo mchezo wenyewe," alisema mtu.

Ngo. Ngo. Halafu kimya.

Aliruka kizuizi. Mlinzi alimdaka blauzi, blauzi ikachanika, mlinzi akabaki na mkono wa blauzi. Alipanda jukwaa kwa magoti, akamsukuma yule jamaa aliyekuwa ameanza kusema "hapana, hapana, dada, ngoja", akanyakua shoka kwa mikono miwili. Pigo la kwanza likateleza. La pili likatia nyufa. La tatu, tangi zima likageuka chembechembe, na maji yakamshukia kifuani kama ng'ombe.

Mtu mwenye kofia akaporomoka miguuni pake. Maryuri akamwangukia, anatapatapa, anavuta ile kofia yenye maji, analia, "Pumua, mwongo wangu, pumua, nakuomba pumua."

Kofia ikatoka. Akakutana uso kwa uso na Yisel.

"Wewe mwanamke una wazimu?" alisema Yisel, akikohoa na kutema. Kiwiko kilikuwa kinamtoka damu kidogo. "Nilikuwa nimebakiza pumzi ya kumaliza wimbo mzima!"

Uwanja ulinyamaza. Maryuri alikuwa amepiga magoti katika vioo, kofia mkononi, haelewi kitu.

"Maryuri!"

Sauti ilitoka nyuma kabisa, juu kwenye jukwaa la watazamaji, ambako taa kubwa ilikuwa imepangwa immulike mtu aliyetoweka majini na kutokea katikati ya watu. Eliécer alikuwa anashuka mbio, anaruka viti, shati lake jekundu halina hata tone. Watu walimpisha. Alipofika, aliteleza kwenye maji, akaanguka mbele yake.

Maryuri alimshika uso, akamshika nywele, akamshika kola.

"Mkavu," alisema.

"Mkavu, mpenzi wangu."

"Uko mkavu wewe!" Akaanza kumpiga kifuani kwa ngumi. "Mkavu! Na mimi nakufa pale chini! Mkavu!"

"Nipige. Nipige, lakini unisikie. Sijaingia tena majini tangu siku ile. Hata bomba la kuogea siwezi, naoga kwa kikombe kama mtoto. Ulipoondoka nilikaa bandani nikasema huyu anasema kweli, nitakufa mbele ya watu wanaocheka. Nikamtafuta Yisel. Yeye huzama kusafisha matumbo ya meli bandarini, pumzi yake ni ya pomboo. Mimi natoka nyuma ya pazia, yeye anaingia na shati kama langu. Kule kugonga ni maigizo tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa simu gani? Umenifungia kila tundu! Nilikwenda sokoni. Shangazi yako alinifukuza na kisu cha samaki hadi barabarani. Nikasema basi, angalau yule samaki wenu anatazama kila video yangu. Nikadhani ni shangazi, anatazama ili anilaani vizuri."

Yisel, aliyekuwa anajifunga kiwiko kwa kitambaa, akaguna. "Kila siku Maryuri, Maryuri. Maji hayaniumizi masikio, jina lako ndilo limeniumiza."

Umati nao ukazinduka. Wengine walizomea, wengine walicheka hadi wakashikana mabega, wengine wakapiga makofi wasijue wanampigia nani. Siri ya mchezo ilikuwa imelala jukwaani, inatiririka, na kila simu pale uwanjani ilikuwa imeshaipeleka duniani. Mwandaaji wa tamasha alikuja akiwa mwekundu kama pilipili, akamwambia Eliécer asikanyage tena jukwaa lake maisha yake yote.

Walibaki wameketi kwenye ngazi za nyuma, Eliécer amemvika Maryuri koti la mtu kufunika blauzi iliyochanika. Maryuri alikuwa bado anatetemeka, taya zinagongana. Simu yake ikalia. Ilikuwa shangazi.

"Nimekuona," alisema Doña Nubia, sauti inakwama. "Wote sokoni tumekuona. Shoka unalishika vibaya."

"Shangazi, alikuja dukani?"

"Alikuja. Alisema ana neno moja tu. Nilimwona nikamwona kaka yangu, nikasema huyu naye atatuachia ndoo. Nisamehe, mwanangu. Muulize kama anakula samaki, aje Jumapili." Akakata kabla hajasikika akilia.

Eliécer alikuwa anatazama mikono yake mitupu.

"Sina tangi," alisema. "Sina kazi. Siri yangu inajulikana mpaka Pasto. Nilikudanganya mara moja katika jambo ambalo mtu hadanganyi, na kosa hilo silifuti kwa kusema pole. Lakini nilikuona kutoka kule juu. Watu wote wale, na mmoja tu ndiye aliyeinuka. Nioane na nani mwingine, Maryuri? Niambie, nimtafute wapi?"

"Hilo ni ombi au swali?"

"Ni ombi. Magoti yanauma, nimeangukia vioo, la sivyo ningeyapiga."

Alitaka kucheka, akalia. "Naogopa, Eliécer. Kukupenda wewe ni kuogopa tu, asubuhi mpaka jioni."

"Hata mimi naogopa."

"Hakuna tangi."

"Hakuna."

"Hakuna kuzikwa, kuchomwa, kuning'inizwa wala kukatwa katikati."

"Hata kadi zikiwa na ncha kali nitaziacha."

"Na ukurasa ni wangu. Kinachotoka, nakitoa mimi."

"Ni wako. Hata mimi ni wako."

Maryuri akamwegemea begani, akavuta harufu yake, ya jasho na vumbi, bila maji hata kidogo. "Haya," alisema. "Nimekubali. Ila usinibusu kwanza, meno yananigongana, nitakung'ata."

Akambusu, akang'atwa.

Walioana mwezi Machi, na Yisel alisimama upande wa bibi harusi. Video ya mwanamke na shoka ilizunguka mpaka ikachosha. Matusi yalikuja, kejeli zikaja, na mialiko mikubwa haikurudi. Ikaja midogo: harusi, vipaimara, siku za kuzaliwa za mabibi, watu waliosema wanamtaka yule mwanamazingaombwe ambaye mke wake hamwachi afe. Maryuri huwapiga video watazamaji wakishangaa, na siku nzuri huwapata wakicheka.

Hofu haikumtoka, mtu haoi hofu akaitaliki. Mpaka leo Eliécer akikawia bafuni, na maji yakasikika yakitiririka kwa muda, Maryuri huacha alichoshika, akaenda kugonga mlango.

"Upo?"

"Nipo, mke wangu."

"Sema tena."

"Nipo."

Ndipo hurudi jikoni.